Ghala la Mzee Deki

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee Deki aliingia ghalani na ndoo ya maji. Kwanza alinyunyiza maji kwa mkono, kama mtu anayewatupia kuku mtama. Kisha alilowesha tambara, akainama, akapiga deki kuanzia ukuta wa nyuma mpaka mlangoni. Alipomaliza, sakafu ya saruji iling'aa. Vumbi lilikuwa limetulia. Hapo alinyoosha mgongo, akaitazama kazi yake, kisha akaenda kunywa chai kwa raha.

Jina hilo la Mzee Deki hakupewa na mama yake. Alipewa na majirani. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa dereva wa lori, na lori lake lilikuwa safi kuliko sebule za watu. Alipostaafu alinunua jengo kubwa lililokuwa karakana ya magari, jirani kabisa na nyumba yake. Lilikuwa na paa zima na mlango wa chuma. Akalipaka chokaa. Akaziba matundu yote ya juu ya kuta ili panya wasipite. Akanunua kufuli mbili.

Watu wakaanza kumletea mizigo awatunzie. Walileta magunia ya karanga, ya maharagwe na ya mahindi. Kila mtu alimlipa kidogo kwa mwezi. Ndugu hawakulipa. Na ndugu walikuwa wengi.

Mzee Deki hakuwa mwizi. Hili tuliseme mapema, kwa sababu hadithi za maghala huwa na mwizi, na hii haina. Alikuwa mtu mwema, mwaminifu, mwenye kupenda usafi. Ndiyo maana kilichotokea kilimuuma sana.

Mwaka ule shemeji yake alivuna vizuri. Huyu shemeji alikuwa kaka wa mkewe, mkulima wa karanga. Alifika na mkokoteni mara nne, na kila mara ulijaa. Jumla aliteremsha magunia kama ishirini. Kila gunia alilifunga mdomo kwa uzi mwekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake. Fundi viatu wa mtaa ule alitumia uzi wa rangi ya chungwa. Wengine walitumia bluu, kijani au nyeusi. Ndani ya ghala lile hakukuwa na maandishi. Kulikuwa na nyuzi.

"Shemeji, haya unayoyaona ndiyo mabati yangu," alisema shemeji, huku akilipigapiga gunia moja. "Nyumba yangu kuta zimekwisha. Kimebaki paa. Nangoja bei ipande, niuze, niezeke kabla ya mvua kubwa."

"Umefika," alijibu Mzee Deki. "Ghala hili hata panya akiingia anavua viatu. Na mzigo wako nitauweka mahali pazuri kuliko wote. Kule nyuma, chini, kwenye ubaridi."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alikuwa na daftari na kalamu.

"Kwa nini msiandikiane?" aliuliza. "Hata mstari mmoja tu."

Wanaume wawili walitazamana, wakacheka.

"Dada yangu huyu," alisema shemeji. "Karatasi kati ya shemeji na shemeji? Kwani tunauziana kiwanja?"

"Mdomo wangu ndio karatasi," alisema Mzee Deki. Akagonga paji la uso. "Na hiki kichwa ndicho daftari."

"Hicho kichwa juzi kilitafuta miwani nyumba nzima, na miwani imevaliwa," alisema mkewe. Akarudi jikoni na daftari lake.

Magunia ya shemeji yalipangwa chini, juu ya sakafu, yakiegemea ukuta wa nyuma. Mizigo ya watu wengine ikapangwa juu yake. Na kila asubuhi Mzee Deki aliendelea kupiga deki. Alipitisha tambara taratibu hadi kwenye miguu ya magunia, asiache hata kona. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Mali ya watu haikai mahali pachafu.

Miezi miwili ikapita.

Ng'ambo ya barabara aliishi mwanamke aliyekaanga karanga na kuziuza. Watu walimwita Mama Karanga. Kikaango chake kilikuwa kipana, na harufu yake ilivuta wapita njia mpaka wakajikuta wameshika pochi. Siku moja alielewana na shemeji amuuzie gunia moja. Mzee Deki mwenyewe alilitoa kule nyuma, akambebea hadi mlangoni kwake.

Haikupita nusu saa. Mama Karanga alirudi na sinia.

"Mzee, samahani," alisema kwa upole. "Naomba utazame hizi."

Mzee Deki akavaa miwani. Juu ya sinia kulikuwa na karanga zilizoota kitu kama vumbi la kijani. Nyingine zilikuwa nyeusi. Nyingine zilisinyaa. Zilitoa harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni.

"Zimenyeshewa kwako?" aliuliza.

"Mvua itoke wapi, mzee? Gunia nimelifungua sasa hivi."

Mzee Deki alikwenda ghalani, akaanza kuteremsha magunia. Aliteremsha ya juu, yakawa makavu. Aliteremsha ya kati, nayo makavu. Akafika chini kabisa. Akapitisha mkono chini ya gunia la kwanza la uzi mwekundu. Lilikuwa bichi kama tambara la deki.

Alilifungua. Kuvu. Akafungua la pili. Kuvu. Aliendelea hadi ukutani. Magunia kumi na moja, pamoja na lile la Mama Karanga, yalikuwa yameharibika. Yote yalikuwa ya shemeji. Ndiyo yale aliyoyaweka mahali pazuri kuliko yote.

Kulikuwa na jambo jingine. Nyuzi za chini zilikuwa zimeoza kwa unyevu. Magunia matatu yenye karanga nzima hayakuwa na uzi wowote. Yangeweza kuwa ya shemeji. Yangeweza pia kuwa ya fundi viatu. Mzee Deki alijaribu kukumbuka, lakini kile kichwa chake alichokiita daftari kilikuwa kitupu. Akaigeuza ndoo juu chini, akaikalia, akajishika tama.

Shemeji alifika alasiri. Alitazama magunia yaliyofunguliwa, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Hakupiga. Alichuchumaa tu, akachota karanga, akaziacha zipite katikati ya vidole.

"Basi mwaka huu tena tutalala chini ya turubai," alisema mwishowe.

Mzee Deki alitamani sakafu imfunike.

Baadaye shemeji alisimama. Alikuwa amepata wazo, na wazo la mtu aliyekata tamaa huja likikimbia.

"Tuzianike," alisema. "Tuzipanguse, tuzianike, tuzichanganye na zile nzuri. Nitamuuzia mnunuzi wa mbali. Nani atajua?"

Mama Karanga alikuwa bado mlangoni na sinia lake.

"Na atakayezila?" aliuliza. "Shemeji yetu, hizi zina sumukuvu. Hata ukizipangusa zikang'aa, sumu imo ndani. Moto wa kikaango changu hauiondoi. Inakula ini la mtu polepole. Mimi siwezi kumuuzia mtoto wa mtu, awe wa karibu au wa mbali."

Mzee Deki alitazama chini. Kusema kweli, wazo lile lilimvutia. Lingemwondolea aibu. Kwa miaka yote watu walimwamini na mali zao. Kesho wangesema amewaibia. Hilo ndilo aliloliogopa kuliko kitu chochote. Mtu aliyestaafu hana vingi, na yeye alichobaki nacho kilikuwa jina lake.

Mkewe aliingia, akasimama mbele yake.

"Kesho asubuhi nenda kwa mkaguzi wa maghala," alisema.

"Nijipeleke mwenyewe? Si watanifungia?"

"Wakija kukukuta, wewe ni mtuhumiwa. Ukienda mwenyewe, wewe ni muungwana. Mficha uchi hazai, baba watoto. Nenda."

Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu anunue jengo, Mzee Deki hakupiga deki. Alivaa shati lililopigwa pasi. Alitia karanga mbovu kwenye kopo, akalifunga kwa karatasi. Akaketi kwenye benchi la ofisi ya mkaguzi, kopo mapajani, kama mgonjwa anayesubiri daktari.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana, mwenye viatu vya buti na begi mgongoni. Alisikiliza kila kitu bila kumkatiza. Kisha akachukua kofia yake ya pikipiki.

"Twende tukaone, mzee wangu," alisema.

Ghalani hakuanza kwa kuuliza maswali. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya sakafu. Akatazama juu ya kuta. Akapitisha mkono kati ya magunia na ukuta, mkono ukakwama.

"Nani anamwaga maji humu?"

"Mimi," alisema Mzee Deki. "Kila siku. Napenda usafi."

Mkaguzi hakucheka. Hilo Mzee Deki alilikumbuka siku zote.

"Usafi ni mzuri, mzee wangu. Lakini saruji ukiiona imekauka juu, ndani imekunywa. Gunia likikaa juu yake, nalo linakunywa. Karanga zikipata unyevu na joto, kuvu inaota. Humu panatakiwa fagio kavu tu. Na magunia yasikae sakafuni. Yakae juu ya vichanja vya mbao, na yaachane na ukuta, mtu aweze kupita kote."

Akaonyesha juu.

"Pale pamezibwa na nani?"

"Mimi pia," Mzee Deki alijibu, sauti imeshuka. "Panya."

"Yale hayakuwa matundu ya panya. Yalikuwa ya hewa. Panya unamzuia kwa wavu wa waya. Hewa unaiacha ipite."

Mkewe aliguna kidogo. Mzee Deki alijifanya hakusikia.

"Sasa nionyeshe leseni," alisema mkaguzi.

Mzee Deki akatoa pochi mfuko wa nyuma. Akachomoa leseni yake ya udereva, akampa kwa mikono miwili.

Shemeji, aliyekuwa amenuna tangu jana, alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mkaguzi alitabasamu. Lakini hakuirudisha leseni ile. Aliishika, akaitazama.

"Hii ni nzuri," alisema. "Hebu niambie, uliipataje?"

"Nilisoma. Nikatahiniwa. Macho yakapimwa."

"Kwa nini wakusumbue hivyo? Kwani ulikuwa mtu mbaya?"

"Hapana, binti. Lori si mchezo. Linabeba roho za watu na mali za watu."

"Na lori lenyewe?"

"Linakaguliwa kila mwaka. Breki, taa, magurudumu. Na lina bima. Likipata ajali, mwenye mzigo asipoteze."

"Je, dereva akiwa mwaminifu sana, lakini breki hazishiki?"

Mzee Deki alilijua jibu. Aliwahi kuliona lori la namna hiyo likiwa bondeni.

"Uaminifu hausimamishi lori," alisema polepole.

"Wala haukaushi karanga," alisema mkaguzi. Akamrudishia leseni yake. "Stoo yako ya nyumbani, unayoweka mavuno yako mwenyewe, hakuna atakayekuuliza. Lakini ukipokea mali ya watu kwa malipo, hilo ni ghala la umma. Sheria inataka ghala hilo lijulikane na likaguliwe. Anayeliendesha afundishwe. Liwe na mizani iliyohakikiwa, na kipimo cha unyevu, na kifaa cha kuzimia moto. Liwe na bima na dhamana, ili mali ya mtu ikipotea au ikiungua, alipwe. Likitimiza hayo, linapewa leseni. Likikiuka, linanyang'anywa. Kuliendesha bila leseni ni kosa."

"Kwa hiyo mimi ni mkosaji."

"Ndiyo," alisema mkaguzi, na hakulizungusha neno. "Lakini umekuja mwenyewe, na nitaandika hivyo. Haya, niambie. Humu kuna magunia mangapi, na ni ya nani?"

Mzee Deki aliinua mkono kugonga paji la uso. Mkono ukaishia njiani.

"Nilikuwa najua," alisema. "Ila matatu yale sijui."

"Mali bila daftari hupotea bila habari," alisema mkewe kutoka mlangoni. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa miezi miwili.

Mkaguzi akatoa kitabu kwenye begi. Kilikuwa na kurasa zenye namba, kila ukurasa na nakala yake.

"Hizi ni stakabadhi za ghala. Mtu akileta mzigo, unaupima. Unaandika jina lake, aina ya mzigo, uzito, ubora, unyevu na tarehe. Unatia sahihi. Yeye anachukua moja, nakala inabaki kwako. Akiwa na karatasi hii, anaweza kumuuzia mtu mzigo bila kuutoa ghalani. Kuna benki zinazompa mkopo kwa karatasi hii."

"Lakini tukiandikiana, si tunashukiana?" aliuliza shemeji. Sasa alikuwa amesogea karibu.

"Kaka, karatasi haisemi kwamba nakushuku," alisema mkaguzi. "Inasema kwamba hata nikifa leo, mzigo wako una mdomo."

Hakuna aliyecheka. Mzee Deki aliwaza siku zote alizolala na homa, funguo chini ya mto, na mali ya watu thelathini ikiwa kichwani mwake tu.

Mkaguzi alimaliza kazi yake siku ile ile. Mizigo mizuri ilihamishiwa ghala lenye leseni, karibu na soko. Yale magunia matatu yasiyo na uzi, fundi viatu alikuja kuyatazama. Alikuna kidevu.

"Mpeni mwenye nyumba isiyo na paa," alisema, akarudi kwenye viatu vyake.

Karanga mbovu zilitakiwa kuteketezwa mbele ya mkaguzi.

"Hata kuku wasipewe?" aliuliza shemeji.

"Hata kuku. Sumu itarudi kwako kwenye yai."

Mwisho, mkaguzi alibandika tangazo kwenye mlango wa chuma. Liliandikwa kwa herufi kubwa: GHALA HILI LIMEFUNGWA. HALINA LESENI. Watu waliopita barabarani walisimama wakasoma. Wasiojua kusoma walisomewa. Mzee Deki aliingia ndani ya nyumba, na kwa siku tatu hakutoka hata uani.

Siku ya nne alitoka. Alipakia mkokoteni magunia manne ya karanga zake mwenyewe, yale aliyovuna kwenye shamba lake dogo. Yalikuwa mavuno yake yote. Akayapeleka kwa shemeji. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Shemeji aliyapokea. Mke wa shemeji alimletea Mzee Deki maji ya kunywa, na akayanywa.

Kazi ikaanza. Alizibua matundu ya juu, akayawekea wavu wa waya. Alinunua mbao kuukuu za bodi ya lori, akazipigilia misumari, vikawa vichanja. Alikwenda kwenye mafunzo, akakaa darasani na vijana wenye umri wa wajukuu zake. Siku ya kwanza walimwita babu. Siku ya tano walikuwa wakiazima maelezo yake, kwa sababu aliandika kila kitu. Mtu aliyeungua kwa kusahau huwa haachi kalamu. Mizani ilihakikiwa, ikapigwa muhuri. Bima ilipatikana. Ndugu mmoja aliyekuwa halipi alishangaa kuona Mzee Deki anamwomba amdhamini, lakini akatia sahihi.

Siku ya ukaguzi ilipofika, aliamka mapema kuliko jogoo. Ghala lilikuwa tayari. Lakini alipolitazama, aliona vumbi kidogo. Mgeni anakuja, na kuna vumbi. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye ndoo ya maji.

Mkaguzi alifika saa tatu. Akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya sakafu. Akafunga kitabu chake.

"Nitarudi baada ya mwezi, mzee wangu," alisema.

Mkewe hakupiga kelele. Alisubiri pikipiki iondoke. Kisha aliichukua ile ndoo, akaondoka nayo. Kesho yake ndoo ilirudi imepakwa rangi nyekundu, imejaa mchanga mpaka juu. Aliitundika karibu na mlango wa ghala.

"Moto ukitokea, mwaga," alisema. "Usipotokea, iache."

Baada ya mwezi leseni ilipatikana. Mzee Deki aliitia kwenye fremu yenye kioo, akaitundika mahali ambapo kila anayeingia angeiona kabla hajamwona yeye. Akafungua mlango. Akakaa kwenye kiti chake kipya, na daftari mezani, na kalamu mbili.

Hakuja mtu. Siku ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Msimu wa mavuno ulikuwa umefika, na mikokoteni ilipita mbele ya mlango wake ikienda sokoni. Wengine walimpungia mkono. Wengine waliangalia pembeni. Kila jioni alifagia kwa fagio kavu ghala lisilo na mzigo, akafunga kufuli zote mbili.

Siku ya tisa mkokoteni mmoja ulisimama. Aliyeusukuma alikuwa shemeji.

Mzee Deki alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Majirani walitoka kutazama. Mama Karanga aliacha kikaango. Fundi viatu aliacha kiatu mguuni pa mteja. Kila mtu alijua kilichotokea mwaka jana. Kama shemeji angemletea mzigo tena, wengine wangemfuata. Hilo Mzee Deki alilijua kuliko wote.

"Nimeleta magunia kumi na mbili," alisema shemeji.

"Karibu," alisema Mzee Deki.

Akachukua kipimo cha unyevu. Akachota karanga za gunia la kwanza, akapima. Akatazama namba. Akapima tena. Akapima la pili na la tatu. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Namba haikubadilika.

Alimtazama mtu huyu aliyemwonea haya mwaka mzima. Ilikuwa rahisi kuandika namba nyingine. Nani angejua?

"Shemeji," alisema, "siwezi kuzipokea. Zina unyevu. Zimezidi kipimo."

Majirani walisogea karibu zaidi.

"Unanikataa mimi?" aliuliza shemeji.

"Nimezikataa karanga. Wewe karibu chai. Zianike hapa uani kwangu, siku tatu nne. Nitakusaidia kuzigeuza. Zikikauka, nitazipokea."

Shemeji alimtazama usoni muda mrefu. Kisha akaanza kushusha magunia.

"Turubai unalo?" aliuliza. "Mimi langu nimeezekea."

Walizianika siku nne. Mzee Deki aligeuza, mkewe aligeuza, Mama Karanga alivuka barabara akageuza na kuonja mbili tatu, kwa ajili ya kazi tu, alivyodai. Siku ya nne kipimo kilikubali. Magunia yakapimwa uzito moja moja, yakapangwa juu ya vichanja, mbali na ukuta. Mzee Deki akaketi, akaandika stakabadhi kwa mwandiko mkubwa. Shemeji aliipokea, akaisoma neno kwa neno, akifuatisha kwa kidole.

"Hukuandika kuwa mimi ni shemeji yako," alisema.

"Nimetafuta. Hakuna sehemu ya shemeji."

Shemeji akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nje ya mlango watu walikuwa wakimngojea.

"Umerudi kwa huyu huyu?" aliuliza mmoja. "Baada ya yale?"

"Mwaka jana alinipokea kwa sababu mimi ni shemeji yake," alijibu. "Nikapoteza magunia kumi na moja. Mwaka huu alinikatalia mbele yenu nyote, na mimi ni shemeji yake. Sasa nileteeni mtu mwingine wa kumwamini kuliko huyo."

Hakuna aliyemleta. Kesho yake mikokoteni mitatu ilisimama mlangoni. Wa kwanza ulikuwa wa fundi viatu. Alikuwa amefunga magunia yake kwa uzi wa rangi ya chungwa, kwa mazoea, lakini aliomba stakabadhi kabla hata hajasalimia.

Karanga za shemeji zilikaa miezi mitatu. Siku ya kuzitoa zilikuwa kavu, zikilia ndani ya gunia ukilitikisa. Mama Karanga ndiye aliyechagua gunia la kwanza. Wiki mbili baadaye mabati yalipanda juu ya kuta zilizosubiri miaka miwili, na mvua kubwa ilipofika ilikuta nyumba ina paa. Mzee Deki na mkewe walialikwa. Mvua iligonga mabati kwa nguvu hata watu hawakusikilizana, na hakuna aliyelalamika.

Jina lake halikubadilika. Bado anaitwa Mzee Deki, ingawa wageni wakiuliza sababu hupata maelezo marefu. Kila asubuhi, kabla ya chai, anaingia ghalani na fagio kavu. Anafagia kati ya vichanja. Anapita mbele ya ndoo nyekundu yenye mchanga. Mwisho anainama, anaweka kiganja juu ya sakafu, kama alivyofanya yule mkaguzi. Akikuta pakavu, anakwenda kunywa chai.